Siku 21 za uangalizi: namna ya kupata chakula, fedha na faraja nyumba yako ikiguswa na mlipuko

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kaya inayoambiwa ikae nyumbani siku 21 kwa sababu mmoja wao, au mtu waliyemhudumia, amebainika kuwa na Marburg au Ebola, homa kali zinazosababishwa na virusi. Mkoa wa Kagera, Tanzania, umepitia hali hiyo mara mbili: mlipuko wa Marburg uliotangazwa Machi 2023 wilayani Bukoba, kisha ule wa Biharamulo uliotangazwa Januari 2025. Mpox (homa ya nyani) nayo ina siku 21 za uangalizi. Kipindupindu huonekana ndani ya siku tano, lakini mengi ya hapa yanafaa huko pia, hasa ya maji, fedha na mawasiliano.

Jambo moja litangulie. Mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa wa Marburg haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza. Virusi hupita kwa majimaji ya mwili: damu, matapishi, kinyesi, jasho la mgonjwa, na mwili wa aliyefariki. Jirani anayeweka ndoo ya maji getini na kurudi kwake hajiweki hatarini. Msaada mwingi hukosekana kwa sababu hakuna aliyewaeleza majirani jambo hili, na siku inayofaa kulieleza ni ile ya kwanza, kabla maneno ya mtaani hayajakomaa.

Siku ya kwanza, timu ikifika

Wahudumu wa ufuatiliaji wakija, usiwaache waondoke kabla hujaandika mambo haya kwenye daftari: jina na namba ya simu ya mhudumu atakayekufuatilia; namba ya kupiga usiku; tarehe ya mwisho uliyomgusa mgonjwa au vitu vyake; tarehe ya kumaliza; na ni nani kutoka halmashauri anayeshughulikia chakula cha kaya zilizo chini ya uangalizi. Swali hili la mwisho watu wengi hawaliulizi, kisha hukaa wiki nzima wakisubiri gari lisilokuja.

Siku zinahesabiwa kuanzia mgusano wa mwisho, hazianzii siku timu ilipobisha hodi. Ukimgusa mgonjwa mara ya mwisho tarehe 3, tarehe 4 ndiyo siku ya kwanza, na tarehe 24 ndiyo siku ya 21. Mtu mwingine wa nyumba hiyo akiugua katikati na ukamhudumia kwa mikono, hesabu yako inaanza upya. Kwa hiyo tangu mwanzo gaweni vyumba, na chagueni mtu mmoja tu wa kumsogelea atakayeanza kuumwa hadi timu ifike, akae mbali kadiri nyumba inavyoruhusu na asimguse.

Tanzania, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Kenya ni 719. Ipigie hata kama mhudumu wako ni mwema na anapokea simu, kwa sababu taarifa iliyopita huko huacha kumbukumbu.

Ufuatiliaji hauna malipo. Anayeomba hela ili akufute kwenye orodha, au akuuzie cheti cha kuonyesha umepona, ni tapeli. Mripoti kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

Mtu mmoja wa nje

Kabla ya kuomba chochote, chagueni msimamizi mmoja anayeishi nje ya nyumba. Asiwe yule anayewapenda kuliko wote, maana huyo atakuwa analia. Anayefaa ni mwenye simu isiyozimika, anayejua kusema hapana, na anayeelewana na mwenyekiti. Mara nyingi shemeji hufaa kuliko dada.

Kazi yake ni tatu. Anapokea orodha yenu kila jioni na kutafuta wa kuitimiza. Anashika fedha na kuandika kila senti. Anazungumza na ndugu walio mbali, Dar, Kampala, Muscat, ili nyinyi msipigiwe simu arobaini kwa siku mkirudia habari ileile. Hili la tatu linaonekana dogo, lakini kusimulia ugonjwa wa mzazi wako mara kumi kabla ya chakula cha mchana kunamchosha mtu kuliko kazi ya jembe.

Pasipo msimamizi hutokea mambo mawili: jumapili mnaletewa mikungu sita ya ndizi ambayo itaiva yote kwa pamoja, na alhamisi hakuna hata chumvi.

Kiasi cha kuomba

"Tunaomba msaada jamani" haileti kitu, kwa sababu kila mtu hudhani mwingine ameshatoa. Omba kwa idadi, siku na saa. "Ijumaa saa kumi jioni tunahitaji ndoo tano za maji. Nani ana mbili?" Ombi la namna hiyo hujibiwa.

Kwa kaya ya watu sita kwa siku 21, tumia makadirio ya mashirika ya misaada: gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za kunde, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Ukizidisha unapata takriban kilo 50 za unga na mchele, kilo 8 za maharage, lita tatu na nusu za mafuta, na chumvi zaidi kidogo ya nusu kilo. Kagera ndizi zitachukua nafasi ya sehemu ya unga. Ziletwe mkungu mmoja kila baada ya siku mbili tatu. Ongeza dagaa, vitunguu, majani ya chai na sukari. Sukari si anasa hapa. Nyumba isiyoweza kunywa chai ya asubuhi hujiona imekwisha kuwa ya wafungwa.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku ni kiwango cha chini, yaani ndoo nne na nusu za lita 20 kwa watu sita. Mnanawa zaidi ya kawaida, kwa hiyo ombeni tano. Sabuni kilo tatu, ya kufulia na ya kuogea. Mkaa au kuni ulizeni mapema, kwa maana huo ndio unaosahaulika, na maharage mabichi hayaliwi.

Wekeni kituo cha makabidhiano: meza au benchi kwenye mpaka wa kiwanja, kivulini. Aletaye anaweka, anaita, anarudi nyuma, ndipo mtu wa ndani anatoka. Vyombo vya jirani visiingie ndani. Amimine kwenye chombo chenu kilicho mezani. Sababu yake ni ya kijamii zaidi kuliko ya kitabibu: sufuria ikikwama kwenu siku 21, itageuka hadithi.

Dawa zinahitaji orodha yake. Andika kila mtu anayemeza dawa za kila siku (ARV, presha, kisukari, kifafa), jina la dawa, na zimebaki za siku ngapi. Ikiwa zimebaki chini ya kumi, mwambie mhudumu wa ufuatiliaji leo, asisubiri kesho. Anayetumia ARV na hataki mtaa ujue asipitishe ombi kwa msimamizi. Ampigie moja kwa moja mhudumu wa kliniki yake na dawa zije na timu, zimefungwa pamoja na vitu vingine. Mjamzito aseme tarehe yake ya kliniki na ya kujifungua siku ileile ya kwanza, ili mpango wa kumpeleka uwepo kabla uchungu haujaanza.

Fedha

Anza na kilicho chako tayari. Vikundi vingi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, vina mfuko wa jamii, ambao huchangiwa kando na hisa na hutolewa kwa msiba, ugonjwa na majanga. Si mkopo. Katiba ya kikundi ndiyo inayosema kiasi, kwa hiyo muulize katibu kwa simu na aandike ombi kwa niaba yako. Kama una mkopo wa kikundi, omba marejesho yasimame kwa wiki nne, na ombi liingie kwenye daftari la kikao. Kukaa kimya ndiko kunakozaa faini.

Halafu serikali. Njia ni mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, mtendaji wa kata, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyu wa mwisho ndiye mwenye dhamana ya kaya zilizokwama na ya ushauri nasaha pia, kwa hiyo tafuta namba yake moja kwa moja. Simu yenye kufaa ni fupi:

"Shikamoo mwenyekiti. Naongea kutoka ile nyumba ya jirani na kisima. Tuko watu sita chini ya uangalizi, tumebakiza siku kumi na nane. Unga umebaki wa siku mbili. Naomba jina na namba ya afisa ustawi, na naomba uandike kuwa nimepiga leo."

Walio kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, wamwambie mtendaji jinsi watakavyopokea malipo yakiangukia ndani ya siku hizo. Mwenye ajira apeleke kwa mwajiri picha ya karatasi ya uangalizi. Kama hakupewa karatasi, aiombe siku ya kwanza, kwa sababu siku ya 21 kila mtu atakuwa na haraka.

Michango ya ndugu ipite kwenye laini moja ya msimamizi, na kila jioni atume kwenye kundi majina, kiasi, na kilichonunuliwa. Parokia, usharika na msikiti huwa na watu wa huruma waliozoea kazi hii; waombeni kitu kimoja chenye jina, kwa mfano mkaa wote wa siku 21, badala ya mchango wa jumla.

Aliye wodini

Hakuna kinachotuliza nyumba kama habari za uhakika za mgonjwa wake. Kituo cha matibabu kikichukua mtu, omba vitu vitatu: jina la mtumishi atakayetoa taarifa, saa za kupiga (mara mbili kwa siku zinatosha), na ruhusa ya mgonjwa kuongea mwenyewe akiweza. Ndani ya familia mtu mmoja tu ndiye apige.

Mgonjwa aende na simu ndogo ya kitochi, chaja, vocha iliyowekwa tayari, na karatasi yenye namba tatu zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Simu ya bei ghali ibaki nyumbani, kwani kinachoingia kwenye eneo la wagonjwa huenda kisitoke. Godoro na nguo zilizochafuliwa mara nyingi huteketezwa. Kabla hazijabebwa, ziorodheshwe, mtumishi asaini, na muulize kama kuna fidia yoyote.

Homa ikianza

Hapa ndipo msaada wote huweza kuharibika. Mtu anaamka na kichwa kinauma, mwili wa moto, na Kagera malaria haiishi. Anajiambia ni malaria, anatuma mtoto dukani kwa dawa mseto. Huenda kweli ni malaria. Lakini ndani ya siku 21 jibu hilo hutolewa na kipimo, na kipimo kinaletwa na timu. Nyuzi 38 au zaidi, kutapika, kuharisha, maumivu ya mwili au damu isiyo na maelezo: aingie chumba chake, apewe chombo chake na ndoo yake, simu ipigwe. Asipande bodaboda wala asipelekwe kwa mganga wa kienyeji.

Woga wa kutoa taarifa unaeleweka, maana wengi wanaona kituo ni mahali pa kwenda kufa. Hesabu zinasema vingine. Biharamulo mwaka 2025 wote kumi waliohesabiwa walifariki, na wengi wao walikwisha kufa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Rwanda, mlipuko uliotangazwa Septemba 2024 ulikuwa na wagonjwa 66, wakafa 15. Huko wagonjwa waligunduliwa mapema, wakawekewa maji ya mishipani na kupewa dawa za majaribio. Mwambie huyo aliyejifunika blanketi hesabu hizo, kwa sauti ya kawaida.

Moyo

Usingizi kukatika, hasira za ghafla, kusikia homa isiyokuwepo, kujilaumu ("ningemuwahisha hospitali"): hayo ni mambo ya kawaida kwenye siku za mwanzo na kwa wengi hupungua yenyewe mahitaji yakitimia na habari zikiwa wazi. Ndiyo maana chakula na maji vimetangulia kwenye mwongozo huu. Kumpa mawaidha mtu ambaye hajui watoto watakula nini jioni ni kumkera.

Anayepiga simu kufariji afuate mambo matatu ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaweka kwenye mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha. Kwa simu, kutazama ni kuuliza: mmekula? mmelala? nani yuko nawe? Kusikiliza ni kunyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Kuunganisha ni kumalizia na kitu kimoja utakachofanya, na saa utakayopiga tena. Dakika kumi na tano zinatosha. Kupiga kila siku saa mbili usiku kunasaidia kuliko kupiga saa nzima mara moja kisha kupotea.

Maneno ya kuacha: "jikaze", "usilie mbele ya watoto", "ni mapenzi ya Mungu" kabla mwenyewe hajayasema, "nilikwambia", na maswali ya nani alileta ugonjwa. Badala yake: "Pole sana. Nipo. Nisimulie kama unataka, usipotaka tuongee mengine." Kuongea mengine, mpira, bei ya kahawa, nayo ni faraja, na mara nyingi ndiyo inayotakiwa zaidi.

Ndani ya nyumba, siku iwe na umbo: kuamka saa ileile, kupima joto asubuhi na jioni, kufagia, sala kwa wenye kusali, kazi ya mikono kwa kila mtu. Habari za mlipuko zisikilizwe mara mbili kwa siku, kutoka Wizara au redio ya mkoa. Sauti za WhatsApp zinazosambazwa saa tano usiku zisifunguliwe hadi asubuhi; usiku huo hakuna la kufanya nazo. Moyo ukienda mbio, vuta pumzi kwa kuhesabu nne na itoe polepole kwa kuhesabu sita, kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea ukuta.

Watoto waambiwe ukweli kwa sentensi fupi: bibi anaumwa, wauguzi wanamhudumia, sisi tunakaa nyumbani hadi tarehe fulani. Wakatie alama ukutani wafute siku moja kila jioni. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kurudia, mkubwa akawa mkali, asichapwe. Namba ya bure ya simu kwa mtoto ni 116, Tanzania Bara na Zanzibar, na Kenya ni hiyohiyo. Kwa watu wazima Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu za ushauri nasaha bila malipo kwa 1199.

Tafuta mtaalamu ikiwa mtu hali wala kulala kwa siku kadhaa, huzuni haijapungua baada ya wiki mbili, anakunywa pombe mfululizo, anasikia sauti, au anazungumza kuhusu kufa. Kwa hilo la mwisho muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, na toeni nyumbani viuatilifu vya kahawa na pamba, sumu ya panya na kamba, siku hiyohiyo. Mwambieni mhudumu wa ufuatiliaji kuwa ni dharura, kama mngesema kuhusu damu. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Kanda ya ziwa kuna hospitali ya Bugando, Mwanza, na hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ni Mirembe, Dodoma.

Ikitokea msiba

Mwili wa aliyefariki kwa Marburg una virusi vingi kuliko wakati wowote, na ndiyo sababu timu ndiyo inayozika. Lakini mazishi salama hayana budi kuwa ya heshima, na familia ina mambo ya kudai kabla mfuko haujafungwa: kuchagua nguo au sanda, kuona uso kutoka umbali utakaopangwa, kupiga picha, kuchagua mahali pa kaburi, kusali kwa kusimama kando, kuandika jina. Kwa Waislamu, kuosha maiti hakuwezekani, ila taratibu za Shirika la Afya Duniani zinaruhusu tayamamu; shekhe aitwe mapema azungumze na timu. Mtu mmoja wa familia ateuliwe kuwa msemaji, kwa sababu timu ikijibiwa na watu sita kwa pamoja itaharakisha ili iondoke.

Matanga ya watu kukaa pamoja yanaahirishwa. Wekeni saa ya sala kwa simu yenye spika, na daftari la rambirambi kwa msimamizi. Wapangieni watu tarehe ya kuanua matanga baada ya siku 21. Bila tarehe hiyo, wafiwa hubaki na msiba usiofungwa.

Siku ya 22

Omba barua ya kumaliza uangalizi yenye mhuri, toa nakala tatu: ya mwajiri, ya shule, ya nyumbani. Mwombe mwenyekiti na mhudumu wa afya watangaze kwenye mkutano wa kijiji, au waingie nyumbani kwako mchana watu wakiona, wanywe chai. Chai hiyo hufanya kazi kuliko barua. Mwenye genge au kibanda cha chakula aanze na wateja wawili watatu anaowaamini, siku ya soko isiwe ya kwanza. Shule ikimkataa mtoto, nenda na barua kwa mwalimu mkuu, na akikaidi, kwa afisa elimu kata, ukiwa na mtendaji.

Aliyeugua akapona ana jambo la ziada ambalo wauguzi wengine huona haya kulisema. Virusi vinaweza kubaki kwenye shahawa kwa miezi. Mwanamume aliyepona atumie kondomu kwa miezi 12 tangu dalili zilipoanza, au hadi vipimo viwili vya shahawa vitoe majibu ya kuwa hana virusi. Vipimo hivyo viombwe kabla hajaruhusiwa kutoka kituoni, na mke aelezwe na mhudumu wakiwa pamoja, mume asiachiwe mzigo wa kuanza mazungumzo hayo peke yake usiku.